Saa ya Mgema, Saa ya Maji: Namna ya Kusafiri kwa Gari kutoka Mazeras hadi Lamu

Watu wengi wanaotoka bara kuja pwani kwa gari hupanga safari kwa kilomita. Huuliza Malindi ni umbali gani, Lamu ni saa ngapi, wakapiga hesabu kwa spidi ya gari, halafu kila wanapofika wanakuta wakati umepita. Kwa mgema mnazi, yaani tembo lake, umeshakuwa mkali, Watamu maji yamejaa, na barabara ya Lamu jua linaelekea kutua, askari hawataki kuona gari la mgeni likienda mbele.

Njia hii ndiyo riziki yangu. Nakaa Malindi, napeleka leso na korosho Lamu, narudi na halua, na maembe ya ngowe yakiwa kwenye msimu. Nimezaliwa Kaloleni, baba yangu alikuwa mgema. Nimeolewa na mtu wa Lamu. Kwa hiyo kichwa cha njia ni kwetu na mwisho wake ni kwa mume wangu, na nawapenda watu wa pande zote mbili. Ninachotaka kukueleza ni jinsi ya kuipanga safari kwa saa za wenyewe: saa ya mgema, saa ya maji, na saa ya barabara ya Lamu. Hizo tatu zikikaa sawa, mengine utayamudu.

Tenga siku tano. Nne zinatosha ukijibana. Kama una mbili au tatu, ishia Malindi, Lamu uiwekee safari yake, maana kuingia Lamu adhuhuri na kutoka alfajiri ya kesho yake ni kujichosha bure.

Kuhusu majira: Desemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali, maembe tele. Agosti na Septemba kuna baridi kidogo na upepo wa kusi, barabara ni kavu. Masika, kuanzia Aprili mpaka Juni, mimi husema usije na gari mpaka Lamu. Mto Tana hauangalii kama Garsen kumenyesha. Unashuka na mvua za Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo anga inaweza kuwa nyeupe pwani na huku maji yanakuja. Mwisho wa 2023, mvua za El Niño ziliponyesha, barabara ya Lamu ilikatika upande wa Gamba na watu wakavushwa kwa maboti. Kabla ya kuondoka, piga simu kwa mtu aliye Garsen au Witu, au uliza makondakta wa mabasi ya Lamu pale Malindi. Wao ndio wanaojua hali ya leo.

Pinda Mazeras

Ukitoka Nairobi, usiingie Mombasa. Pale Mazeras acha barabara kuu, pinda kushoto, ushike njia ya Rabai na Kaloleni. Ni lami, ina kona na miteremko, na inapita juu ya vilima mpaka inakwenda kutokea Mavueni, karibu na Kilifi. Wengi hawaijui, na wanaoijua huiona njia ya kukwepa foleni ya Mombasa tu. Kwangu mimi hii ndiyo nusu ya safari.

Rabai ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikofungua misheni yao mwaka 1846, na kuna makumbusho madogo ya habari hizo. Nusu saa inatosha. Kilicho kikubwa zaidi huku ni makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Usiingie kaya kama unavyoingia bustani. Tafuta kwanza wazee wake, eleza shida yako, toa kinachotakiwa, kisha fuata wanachokuambia kuhusu mavazi na picha. Wakikataa, shukuru uende. Kaya Fungo ndiko Wagiriama walikokula kiapo mwaka 1913, wakati Mekatilili wa Menza akiwakusanya watu wakatae kutoa vijana na kodi kwa Waingereza, na mwaka uliofuata serikali ililipua kaya hiyo kwa baruti. Wazee wa huko wanalisimulia jambo hilo kwa uchungu mpaka leo. Msikilize anayesimulia mpaka amalize.

Sasa minazi. Kuanzia Ribe kwenda Kaloleni na kuteremkia Chonyi unaendesha ndani ya minazi mitupu. Nchi nyingine watu huendesha gari kati ya mashamba ya mizabibu wakionja divai. Kwetu mizabibu hakuna, kinywaji chetu kiko juu ya mti, na mwenye ujuzi ni mgema.

Mimi sinywi, nilisilimu nilipoolewa. Lakini nimekulia chini ya miti ile, na kazi ya baba naiheshimu kama kazi yoyote ya ufundi. Mnazi wa kugema utaujua kwa shina: limechongwa vidato vya kukanyagia kutoka chini mpaka kileleni. Mgema huchagua panda, lile shina la maua, likiwa bado limefumba. Hulizungushia kamba ya ukuti lisipate kufunguka, kisha hukata ncha kwa kotama, kisu chake cha kugemea, na kutungika kibuyu, siku hizi hata chupa ya plastiki. Kila akipanda hukata tena ubapa mwembamba kabisa, mwembamba hata ukiushika unaona mwanga. Akikata mnene, panda linakwisha mapema. Asipokata, kidonda kinaziba na utomvu unakoma. Ndiyo maana hapumziki: hupanda alfajiri, hupanda jioni, mvua au jua, msiba au harusi. Na panda lililogemwa halitoi nazi, kwa hiyo mwenye mti ameshaamua anataka nini.

Baba alikuwa hamruhusu mtu kugusa kotama yake. Alikuwa akishuka anaipangusa kwa jani kabla hata ya kuweka kibuyu chini, halafu anainusa. Mimi nilimwuliza kwa nini anainusa, akaniambia kisu kikinuka uchachu leo, mnazi wa kesho utaharibika. Hakwenda shule, lakini hilo lilikuwa kweli: chachu iko kila mahali, kwenye kibuyu, kwenye kisu, hewani, na huanza kazi utomvu unapodondoka.

Hapo ndipo saa ya mgema inapokuja. Kinachoshuka asubuhi ni kitamu, kina povu jepesi na weupe wa maji ya mchele. Saa nne bado ni cha kuonja. Saa nane kimekuwa na makali. Kesho yake ni cha waliozoea, na kikiachwa siku kadhaa ni siki, ambayo ni nzuri sana kwenye kachumbari. Kwa hiyo mgeni anayefika Kaloleni saa tisa mchana na kwenda moja kwa moja mangweni, kilabuni kwa tembo, anakunywa kitu kingine kabisa, kisha anarudi kusema mnazi ni mchungu.

Fanya hivi. Fika Kaloleni jioni, kama saa kumi na moja, umtazame mgema akipanda. Lala pale au Mazeras. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe chini ya mti. Ukiuliza kwenye vioski vya mjini utaelekezwa kwa mgema. Uliza mgema, usiulize mangwe. Ukifika piga hodi, salimu wazee kwanza mmoja mmoja, keti unapoonyeshwa. Mzee akimwaga kidogo chini kabla ya kunywa, anawapa koma, wazee waliotangulia. Nyamaza mpaka amalize. Utapewa kwenye kibuyu na mrija wenye kichujio cha nyuzi mwishoni, kwa sababu ndani huwa na nyuki na vidudu vilivyofuata utamu. Usikunje uso ukiona nyuki. Mnazi ambao hata nyuki hautaki ndio wa kuuliza maswali.

Bei ulizia kabla hujaketi. Sifa toa kwa kiasi. Wenyewe walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wako wanaotia maji na sukari wakauza kwa wageni. Picha omba, na kama umemtaka apande tena kwa ajili ya kamera yako, mlipe kazi hiyo, kwani kila kupanda ni hatari na wengi wameanguka.

Dereva asionje. Hata kidogo. Barabara ya Mombasa na Malindi askari hupima pumzi, na kona za kuteremka Chonyi hazimsamehe aliyechangamka. Kama mnataka kubeba chupa moja ya kupikia, usikaze kizibo. Mnazi unaendelea kuchemka wenyewe na gesi ikikosa pa kutokea, chupa inapasuka ndani ya gari na harufu yake utakaa nayo mpaka uuze gari.

Na jambo moja naliomba kwa moyo wote. Mtu akikunong'oneza kwamba ana kigango cha kuuza, yaani ule mti uliochongwa kumkumbuka mzee aliyekufa, kataa. Vigango vingi viliibwa uwanjani kwa watu vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo. Vingine vimerudishwa kutoka Marekani baada ya miaka mingi ya kudai. Kila kilichong'olewa kina familia iliyoamka asubuhi ikakuta shimo.

Kutoka Kaloleni teremka hadi Mavueni, ushike barabara ya Malindi. Anayetokea Mombasa mjini atakuja na njia ya Mtwapa. Huyo asimame Jumba la Mtwana, magofu yaliyo ufukweni kabisa penye mibuyu na upepo, kisha apite mkonge wa Vipingo. Kilifi ni daraja, lililofunguliwa 1991, na mandhari ya ghuba ukiwa juu yake. Hapo mimi husimama kwa korosho tu.

Saa ya maji

Kuanzia Kilifi mpaka Lamu, bahari ndiyo inayopanga siku. Nitakupa kanuni ambayo wavuvi wetu wanaitumia, na huhitaji simu wala jedwali. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni bamvua: maji hupwa sana, na kwa pwani yetu hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, kisha yakajaa kama saa kumi jioni. Kila siku ongeza karibu saa nzima. Ukifika mwezi wa nusu, mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, jioni yamekupwa, na tofauti yenyewe ni ndogo. Hayo ndiyo maji mafu.

Kama unaweza kuchagua, pangilia siku ya Watamu iangukie bamvua. Asubuhi maji yakikupwa unatembea kwenye mwamba na kuona nyota za bahari, kaa, na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Au unapanda boti kwenda kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968. Vaa viatu, kuna viumbe wa baharini wenye miiba mikali. Jioni maji yakirudi, nenda Mida, upande mtumbwi ndani ya mikoko. Ukienda Mida kwa mtumbwi maji yakiwa yamekupwa utasukuma tope. Siku za maji mafu fanya kinyume: Mida asubuhi, na boti uliza kwanza kama inafaa kwenda.

Kati ya hapo kuna Gede. Fika milango inapofunguliwa kabla ya joto. Mji ule ulianza karne nyingi zilizopita, ukawa na msikiti mkubwa, ikulu, visima na vyoo vya mawe, kisha watu wakauhama katika karne ya 17 na msitu ukaumeza. James Kirkman alianza kuuchimba 1948. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Mwaka 2024 UNESCO nayo ikauweka katika urithi wa dunia. Chukua mwongozaji wa pale pale; wengi ni vijana wa vijiji vya jirani na wanajua mti na ukuta. Ndizi ziache garini, kima wa Gede hawaombi. Upande wa pili wa barabara ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama ambaye karibu wote waliobaki duniani wako humo. Kumwona kunataka alfajiri na subira.

Malindi

Mji wangu, kwa hiyo utaniwia radhi nikikuzuia kidogo. Lala hapa angalau mara mbili.

Asubuhi usile hotelini. Toka nje saa kumi na mbili na nusu, fuata moshi. Kila mtaa una mama anayechoma mahamri, na mbaazi za nazi zimepikwa usiku zikalala. Mahamri mazuri yana iliki unayoisikia kabla hujauma, na ukilipasua ndani liko tupu. Kula mawili, usimalize nafasi. Kuna viazi vya karai jioni na samaki wa kupaka.

Mnara wa Vasco da Gama nenda jioni, upepo ukiwa umetulia. Mreno huyo alifika hapa 1498 akitokea Mombasa ambako hawakuelewana, Malindi ikampokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka India. Watoto wetu hufundishwa hivyo na wageni huja kwa ajili hiyo. Lakini mimi humwambia kila mgeni pia kwamba Malindi ilikuwa na safari zake kabla ya Mreno: mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Nenda kaone na makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Juma. Kisha upite kwenye sanamu ya Mekatilili, usome jina lake baada ya kusikia habari za Kaya Fungo. Safari hii inashikana hapo.

Waitaliano utawaona na utawasikia, na utashangaa vijana wa ufukweni wakiongea Kiitaliano kama cha nyumbani. Kwa anayetaka divai ya zabibu, Malindi ndipo mahali pake kwenye njia hii. Mikahawa yao inayo, na barafu tamu zao ni nzuri kweli.

Usilaumu bahari ya Malindi ukiikuta ya kahawia. Ni udongo wa mto Sabaki, unaobeba ardhi kutoka bara. Kwa maji meupe rudi Watamu au nenda kusini mwa mji kwenye hifadhi ya bahari.

Jioni moja ipe Marafa, bonde la udongo mwekundu, wa waridi na mweupe ambalo wenyeji huliita Nyari. Adhuhuri ni tanuri. Saa kumi na moja rangi zinaamka. Ukirudi, au ukienda, simama Mambrui. Ni mji mdogo, wa dini, mkongwe, una kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale walipata karibu na hapo sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle. Vaa kwa heshima, mabega na magoti yafunikwe.

Saa ya barabara ya Lamu

Usiku wa kuamkia safari ya Lamu, gari lishughulikie Malindi. Jaza tangi mpaka juu. Pima upepo wa matairi na wa spea, maana spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Beba jeki, maji ya kunywa ya kutosha kila mtu, na kitambulisho cha kila abiria, si cha dereva peke yake. Pesa taslimu kiasi. M-Pesa inafanya kazi mijini, lakini mtandao hukatika katikati.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Hadi Mokowe, penye jeti ya kuvukia Lamu, ni kilomita 220 hivi, na lami sasa ni nzuri. Zamani kipande cha baada ya Garsen kilikuwa vumbi na mashimo siku nzima. Haraka haihitajiki, ila saa inahitajika. Nitasema wazi: barabara hii imewahi kushambuliwa, na watu wa Mpeketoni hawajasahau Juni 2014. Mabasi yanapita kila siku, familia zinapita, mimi napita, lakini kwa masharti. Usitembee usiku baada ya Minjila, ambapo njia ya Lamu inaachana na ya Garsen na Hola. Pale kwenye kizuizi uliza hali ya mbele. Ukiambiwa ngoja msafara, ngoja. Ukiambiwa leo usiende, rudi Malindi. Kwenye vizuizi teremsha kioo, vua miwani ya jua, salimia, toa vitambulisho bila kuombwa mara mbili, na simu isiwe mkononi: usipige picha askari wala kambi.

Njiani utapita Gongoni penye mashamba ya chumvi. Kulia kwako, upande wa bahari, ni Ngomeni, ambapo Waitaliano walijenga majukwaa ya kurushia setilaiti. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Kuanzia Tana punguza mwendo. Ng'ombe wa Waorma huvuka kwa mamia na hawana haraka, na Wapokomo wanatoka mashambani na baiskeli zimepakia ndizi na mpunga. Piga honi taratibu kutoka mbali, kisha simama. Kuwasukuma ng'ombe kwa bampa ni kutafuta ugomvi ambao hutaumaliza.

Witu pumzika. Leo ni mji mdogo wa mikahawa na maembe, lakini ulikuwa na sultani wake, na Wajerumani waliuweka chini ya ulinzi wao kutoka 1885 hadi 1890. Kunywa chai, nyoosha miguu, nunua maembe kwa akina mama walio kando ya barabara. Ukifika mji wa Hindi, kuna njia inayokwenda kwenye bandari mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Wewe endelea moja kwa moja hadi Mokowe.

Lenga kufika kabla ya saa saba. Gari linabaki hapa. Tafuta uwanja wenye mlinzi, patana bei kwa usiku, andikiana naye hata kwenye kikaratasi, piga picha gari lilivyo, na usiache kitu kinachoonekana kwenye kiti. Wapagazi watakukimbilia, chagua mmoja, elewana naye bei kabla hajagusa begi. Kwenye jeti kuna boti za abiria, unalipa nauli na kungoja ijae, na kuna za kukodi peke yako. Ya abiria inafaa kabisa. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawakuvaa, na simu itie kwenye mfuko wa plastiki.

Ukishavuka

Ile chupa ya mnazi, kama bado mnayo, isivuke. Lamu ni mji wa dini, na mgeni anayetembea na tembo vichochoroni anawavunjia heshima wenyeji wake. Mwanamke avae nguo ndefu na leso begani; mwanamume asitembee kifua wazi mjini. Mavyaa wangu anakaa Langoni, na kila nikileta wageni jambo la kwanza analouliza ni kama wamesalimu walipopita barazani. Salimu. Wazee wape shikamoo. Ukisalimu utaelekezwa njia kila unapopotea, na utapotea, kwani vichochoro vya Mkomani ni vyembamba na vinajipinda. Punda mwenye mzigo ana haki ya njia. Jibanze ukutani apite.

Ijumaa mchana maduka hufungwa kwa sala. Ramadhani mikahawa mingi haifunguliwi mpaka magharibi. Maulidi ikifika, mji mzima hujaa wageni wa Msikiti wa Riyadha, na asiyeweka nafasi mapema hana pa kulala. Ngome ya mji, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, iliwahi kuwa jela hadi miaka ya 1980. Ipande kwanza upate kuuona mji kutoka juu.

Na saa ya maji inarudi. Kutembea kwa miguu kutoka mjini hadi Shela kando ya bahari ni raha maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, yanafika ukutani sehemu nyingine na utalazimika kuzunguka kwa ndani. Magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda ni kinyume chake: mfereji wa kuingilia unapitika maji yakijaa, na nahodha mzuri atakuambia utoke saa ngapi na urudi saa ngapi. Pate na Siyu vilevile, kwa sababu ya mkondo wa Mkanda. Nahodha akikuambia "twende sasa hivi," acha chai mezani. Akikuambia "bado," hata umwongeze pesa, maji hayatakuja kwa pesa.

Siku ya kurudi panda boti ya kwanza ya alfajiri. Mokowe lizunguke gari kabla ya kumlipa mlinzi: matairi, spea, kizibo cha tangi. Ukiondoka saa moja na nusu utapita Minjila mapema, na Malindi utakuwa na wali wa mchana mezani. Korosho za zawadi ndizo ununue Kilifi wakati huu wa kurudi, zikiwa za moto kutoka kwenye mkaa. Onja moja kabla ya kulipa, na ukiona zimeungua upande mmoja, nenda kwa muuzaji wa pili.